Ajira Portal, kibarua cha getini au kujitolea: njia ipi imfae kijana wa Tanga anayetafuta kazi?

Kijana aliyemaliza masomo akarudi nyumbani Tanga, awe anaishi Makorora, Mikanjuni au Pongwe, hukuta njia tatu za kutafuta kazi, na kila njia ina msemaji wake ndani ya nyumba. Baba mdogo aliyestaafu utumishi humtaka aombe serikalini kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi za umma, na kusubiri. Rafiki wa mtaani, ambaye jana ametoka kupokea ujira wake, humwambia aamke alfajiri aende getini mwa kiwanda au ghala akatafute kibarua. Mwalimu aliyemfundisha chuoni humshauri aandike barua ya kujitolea katika ofisi inayohusiana na fani yake ili apate uzoefu. Wote watatu wanamtakia mema, lakini kila mmoja husema kana kwamba njia yake inamfaa mtu yeyote, na kijana asiye na kipimo chake mwenyewe huishia kufuata sauti iliyo kubwa kuliko nyingine.

Nimezilinganisha njia hizi kwa mambo manne: karatasi zinazodaiwa mlangoni, muda unaopita kabla ya kupata jibu, nani anamlisha mtafuta kazi katika muda huo, na nini kinachobaki mkononi mwake hata kama kazi aliyoitaka haikupatikana. Mshahara sikuufanya kuwa kipimo cha kwanza. Ni kweli kwamba tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kutoka 370,000, na kwamba vibarua wengi hawafiki hapo; lakini mshahara wa kazi ambayo hujaipata haulipi kodi ya chumba, na anayechagua njia kwa kutazama mwisho wake peke yake hujikuta amekwama katikati.

Mlangoni

Ajira Portal haimtozi mwombaji hata senti moja, lakini mlango wake ndio mwembamba kuliko yote. Nafasi nyingi za wizara, halmashauri na taasisi za umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo makao yake yako Dodoma, na maombi hupokelewa kwa mfumo huo. Barua iliyopelekwa kwa mkono haisaidii kitu. Mwombaji anatakiwa awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, awe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cha sita kwa aliyefika huko, vyeti vya taaluma vilivyothibitishwa na wakili, maelezo binafsi yenye majina ya wadhamini watatu, na barua ya maombi iliyosainiwa na kuelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti. Karatasi za matokeo ya muda hazikubaliwi, na aliyesoma nje ya nchi hutakiwa kuwa na uhakiki wa TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati) au NECTA (mitihani ya shule) kulingana na ngazi ya cheti chake.

Katika orodha hiyo, kinachowaangusha watu wa pwani ni majina zaidi ya elimu, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu halina uhusiano wowote na uwezo wa mtu. Chukua msichana ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasomeka Mwanaidi Omari Athumani. Shuleni mwalimu aliyejaza fomu za mtihani aliandika Mwanaid Omary, akaacha jina la tatu. Alipokwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho, karani akaandika Mwanaidi Omary Othman, kwa kuwa babu yake huitwa hivyo msikitini. Nyumbani na mtaani hao wote ni mtu mmoja, na hakuna anayeshangaa. Katika mfumo wa maombi ni watu watatu. Atapewa nafasi ya kujaza, huenda hata akaitwa kwenye usaili, kisha siku ya kukagua vyeti halisi akaambiwa akae pembeni. Dawa yake inategemea kosa liko wapi. Likiwa kwenye kitambulisho, hurekebishwa ofisi ya NIDA. Likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, hushughulikiwa kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kupitia ofisi ya wilaya. Na ikiwa cheti cha mtihani ndicho kinachotofautiana, mara nyingi huhitajika hati ya kubadili au kurekebisha jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ambayo hutayarishwa na wakili. Kazi hiyo yote hufanywa kabla ya tangazo kutoka, kwa sababu dirisha la maombi hukaa wazi kwa muda mfupi, kwa kawaida wiki mbili hivi, na hakuna ofisi kati ya hizo itakayokimbia kwa kuwa wewe una haraka.

Getini mambo ni mengine. Iwe ni kiwanda cha saruji, cha maziwa au ghala la karibu na bandari, kibarua huulizwa kitambulisho, barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi, picha ndogo, na wakati mwingine mdhamini mmoja au wawili wanaojulikana. Hakuna anayejali kama jina la tatu limo au halimo. Lakini kuna sharti moja lisiloandikwa popote, na husikika katika mazungumzo mafupi ya mlinzi na kijana aliyefika kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeitwa au umejileta?"

"Nimejileta."

"Nani anakufahamu humu ndani?"

Jibu la swali hilo la mwisho ndilo cheti cha getini. Watu wengi huliita undugu na kulilaani, na wakati mwingine wana haki. Hata hivyo, msimamizi anayechagua watu wa kupakia shehena usiku anahitaji kujua kwamba mtu huyo hatatoroka saa saba, na njia rahisi aliyo nayo ni kumuuliza anayemfahamu. Asiye na ndugu ndani bado anaweza kufahamika: kwa kufika siku kadhaa mfululizo kwa wakati uleule, kuacha jina na namba ya simu kwenye daftari la mlinzi, na kukubali kuitwa siku ambayo wengine hawakutokea. Jina likishasomwa mara mbili tatu, swali la nani anakufahamu huacha kuulizwa.

Mlango wa kujitolea uko katikati ya hiyo miwili. Ofisi nyingi hutaka barua ya maombi, nakala za vyeti, na barua ya chuo kwa yule ambaye bado ana uhusiano nacho. Baadhi hutaka bima ya afya. Kinachoamua zaidi ni kama kuna mtu ndani ya ofisi hiyo aliye tayari kukusimamia, kwa sababu mtu wa kujitolea asiye na msimamizi huishia kutumwa chai na kupanga mafaili.

Kusubiri, na gharama ya kusubiri

Baada ya kutuma maombi serikalini, mwombaji hukaa akifuatilia tangazo la kuitwa kwenye usaili. Akiitwa, hatua ya kwanza huwa mchujo wa kuandika. Baadhi ya kada, kama madereva na makatibu, hupimwa pia kwa vitendo. Kisha huja mahojiano ya ana kwa ana. Aliyefaulu kwa alama lakini nafasi zikawa zimekwisha huingizwa kwenye kanzidata, na anaweza kupangiwa kituo baadaye nafasi inayolingana na sifa zake inapopatikana. Kati ya hatua moja na nyingine hakuna mtu anayeweza kukuahidi wiki wala miezi. Tangazo la usaili pia husema wazi kwamba msailiwa atajigharamia nauli, chakula na malazi, na usaili ukiwa Dodoma hiyo maana yake ni basi la alfajiri kutoka Kange, usiku mmoja au miwili ya nyumba ya wageni, na kurudi bila kujua matokeo. Kijana asiye na akiba wala ndugu huko anaweza kukopa mara moja. Mara ya pili wanaomkopesha huanza kuuliza maswali.

Kibarua hakina kusubiri kwa namna hiyo. Leo umechukuliwa, jioni au mwisho wa wiki umelipwa, kesho unaweza usichukuliwe. Gharama zake ni ndogo lakini za kila siku: viatu vigumu, chakula cha mchana, na usafiri. Hapa Tanga ina unafuu ambao miji mingine haina, kwa sababu ardhi ya mji ni tambarare na baiskeli bado ni usafiri wa heshima. Kijana wa Mabawa anayefika kazini kwa baiskeli anabaki na fedha ambayo mwenzake anaitoa kwa bodaboda kabla hajabeba hata mfuko mmoja.

Kujitolea ndiko kunakogharimu kuliko vyote, na ndiko kunakozungumzwa kwa wepesi kuliko vyote. Unafanya kazi siku tano kwa wiki, unavaa nguo za ofisini, unalipa nauli, na posho inaweza isiwepo kabisa. Anayemlisha ni mama. Sioni aibu yoyote katika hilo ikiwa mama amekubali na muda umewekwa. Ninachokiona kibaya ni kijana kuingia bila kuuliza mambo hayo mawili, akakaa mwaka mzima akitumaini kwamba ofisi itamwonea huruma. Ofisi ya umma haina mamlaka ya kumpa nafasi ya kudumu nje ya utaratibu wa ushindani, hata kama mkuu wake anampenda. Atafanya usaili uleule pamoja na wengine, akiwa na faida moja tu: anaijua kazi.

Fursa zilizopo Tanga kwa sasa

Kwa miaka mingi meli kubwa zilizokuja Tanga zilitia nanga mbali na gati, na shehena ikashushwa kwa matishari hadi nchi kavu. Uboreshaji wa bandari uliofanywa na Mamlaka ya Bandari umeongeza kina cha maji kwenye gati hadi mita 13, na meli sasa hufunga gatini. Kazi ya kuhamisha mzigo mara mbili imepungua, lakini meli zinazokuja zimeongezeka, na pamoja nazo malori, maghala, mizani, karakana na ofisi za uwakala wa forodha. Kijana anayefikiria bandari kama kubeba mizigo tu huziacha nafasi nyingi nje ya uzio: karani wa kuhesabu shehena, fundi wa matairi, msaidizi wa wakala wa forodha, mlinzi wa ghala. Nafasi za mamlaka yenyewe ni za umma na hupitia ushindani. Nafasi za kampuni binafsi zinazozunguka bandari hupatikana kwa barua na kwa kufahamika.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na ujenzi wake umewapa vijana wengi wa Tanga ujira wa kwanza wenye mkataba. Inafaa kulijua vizuri jambo moja kabla ya kuacha masomo kwa ajili yake: mradi wa aina hii huhitaji watu wengi wakati wa kujenga na watu wachache sana wakati wa kuendesha, na wale wachache huwa ni mafundi wa umeme, mitambo, usalama na vifaa vya kupimia. Aliyefanya kazi ya kuchimba na kumwaga zege anapaswa kuitumia fedha hiyo akiwa bado anaipata. Ikiwa itamlipia mafunzo ya kuchomelea au ya umeme wa viwandani, siku mradi utakapopunguza watu atakuwa na pa kwenda.

Mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe yanachukua watu pia, na malipo yake kwa kawaida hufuata kiasi cha kazi iliyokamilika. Ni kazi ngumu, na kijana wa mjini asiyezoea shamba ajipime kwanza.

Haki za kibarua, ambazo wengi hawazijui

Sababu kubwa inayowafanya wazazi wakidharau kibarua ni imani kwamba kibarua hana haki yoyote. Imani hiyo si sahihi, na kwa kuwa ndiyo inayowafanya vijana wengi waikimbie njia inayowafaa, nitaieleza zaidi kuliko mambo mengine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya ujira kwa kila saa. Hakuna kifungu kinachosema kwamba haya ni ya wenye ofisi peke yao. Zaidi ya hapo, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inaorodhesha dalili zinazomfanya mtu achukuliwe kuwa mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo, na mojawapo ni kwamba amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Yaani kijana anayeitwa "deiwaka" kila asubuhi kwa miezi mitatu, siku sita kwa wiki, hapotezi haki zake kwa sababu tu msimamizi anamwita hivyo.

Sheria pia ina mipaka yake, na si vyema kuificha. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mwajiriwa aliyefanya kazi kwa chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Baada ya hapo, anayeachishwa bila sababu na bila utaratibu anaweza kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Tanga, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama ujira usiolipwa, yana siku 60. Wengi huzipitisha siku hizo wakisubiri kuitwa tena.

Kwa hiyo kibarua mwenye akili huweka kumbukumbu. Daftari dogo lenye tarehe, saa ya kuingia na kutoka, jina la msimamizi na kiasi alicholipwa. Ujumbe wa malipo kwenye simu usiofutwa. Picha ya kitambulisho cha getini. Akiwa ameanza kukatwa michango ya NSSF, aangalie kama michango hiyo inaonekana kwenye akaunti yake ya uanachama badala ya kuridhika na makato yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mshahara. Mwajiri pia anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango huo haupaswi kutoka kwenye ujira wa kibarua.

Kinachobaki mkononi

Anayeomba kupitia mfumo wa serikali akakosa hubaki na wasifu uliokamilika, vyeti vilivyothibitishwa na majina yaliyonyooka. Hivyo si vitu vidogo, kwa sababu vitamtumikia katika kila ombi litakalofuata. Lakini baada ya hapo, kila mwezi wa kusubiri bila kufanya kingine haumwongezei chochote, na kwenye mahojiano yanayokuja ataulizwa alikuwa akifanya nini. "Nilikuwa natafuta kazi" ni jibu la kweli, na halimsaidii.

Aliyejitolea hubaki na barua ya uthibitisho na mtu wa kumdhamini. Thamani ya barua hiyo iko katika maneno yake. Barua inayosema kwamba fulani "alijitolea katika ofisi yetu kuanzia Januari hadi Juni na alionyesha nidhamu" imeandikwa kwa adabu na haina kitu ndani. Barua inayosema kwamba aliingiza kumbukumbu za dawa za stoo, akaandaa taarifa za mwezi na kufundishwa kutumia mfumo fulani, hiyo mwajiri huisoma. Ni halali kabisa kumwandalia msimamizi rasimu yake na kumwomba airekebishe: "Mama, shikamoo, nimeandika kazi nilizofanya ili usipate tabu, naomba uipitie." Wasimamizi wengi hufurahi, kwa kuwa umewapunguzia kazi.

Kibarua hubaki na ujuzi usio na karatasi, na hapa ndipo njia hii hudharauliwa bila sababu, kwa kuwa karatasi yake inaweza kupatikana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina chuo Tanga, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi aliyejifunza kuchomelea, useremala, uashi au upishi akiwa kazini hupimwa, hupewa mafunzo ya kuziba mapengo, na akifaulu hupewa cheti. Upo pia mpango wa uanagenzi, ambapo mafunzo hugawanyika kati ya chuo na sehemu ya kazi. Mwenye kidato cha nne cha alama hafifu aliyefanya kazi karakana kwa miaka miwili ana msingi wa kutosha kupita mlango huo, na akitoka hapo na cheti cha ufundi, Ajira Portal nayo humfungukia, kwa sababu kada za mafundi na madereva hutangazwa humo pia.

Nani achague nini

Mwenye shahada au stashahada katika fani ambayo mwajiri wake mkuu ni serikali, kama uuguzi, ualimu, maabara au ardhi, aufanye mfumo wa serikali kuwa njia yake kuu na kujitolea kuwa kazi yake ya kila siku, ilimradi nyumbani kuna uwezo wa kumlisha kwa miezi sita hivi. Muuguzi anayejitolea wodini, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, kama akikubaliwa, anaingia kwenye usaili akiwa bado na mkono mwepesi. Mwenzake aliyekaa nyumbani mwaka mzima atakuwa anajibu kwa kukumbuka daftari. Kama nyumbani hakuna uwezo huo, afanye kazi ya kulipwa hata nje ya fani, dukani au ghalani, na aombe ratiba itakayomwachia siku mbili za kujitolea. Ni njia ngumu, ila inawezekana.

Mwenye shahada ya fani pana, kama biashara, utawala au maendeleo ya jamii, namshauri tofauti. Ushindani wake serikalini ni mkubwa mno kwa sababu kila chuo kinatoa wahitimu wa fani hizo. Huyu aende kwenye kampuni binafsi na vyama vya ushirika, aingie kwa nafasi yoyote ya makaratasi au mauzo, hata ya chini, huku akiendelea kuomba serikalini pembeni. Kujitolea kwake katika ofisi ya umma nakuona kuna faida ndogo, isipokuwa kama amepata msimamizi anayefundisha kweli. Mhitimu pia anaweza kujiandikisha TaESA, huduma ya ajira iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inayowaunganisha watafuta kazi na waajiri na inayoratibu mafunzo ya uzoefu wa kazi.

Mwenye cheti cha VETA aanzie getini. Fundi umeme au fundi mitambo anayekaa nyumbani akisubiri tangazo anapoteza mikono yake. Na aliyeishia kidato cha nne aanze na kibarua ili ale, lakini achague kibarua kilicho karibu na ufundi: kumsaidia mchomeleaji kuna maana kuliko kubeba mifuko, hata kama mifuko inalipa kidogo zaidi kwa siku. Hapa ndipo naona vijana wengi wakikosea, na ni vigumu kuwalaumu mtu anapokuwa na njaa.

Kwa wote, yeyote anayedai fedha ili akupatie kazi, aite pesa ya fomu, ya vipimo, ya kumpa mkubwa au ya nauli ya bosi, aachwe hapohapo. Maombi ya serikalini ni bure, matokeo ya usaili hutangazwa hadharani, na hakuna mtu wa kati mwenye funguo za mfumo huo.

Njia zinapogongana

Njia hizi zinaweza kwenda pamoja, lakini kuna mahali zinapogongana. Wito wa usaili hutoka ukiwa na siku chache mbele, na kibarua asiyeonekana siku mbili hupoteza nafasi yake kwenye orodha. Mwambie msimamizi mapema, siku ileile unapotuma maombi, kwamba huenda utaomba ruhusa. Akishajua, mara nyingi hukubali mtu mwingine ashike zamu yako na wewe ushike yake siku nyingine. Kumficha ukapotea, kisha ukarudi na hadithi ya msiba, ndiko kunakofuta jina.

Mgongano mkubwa zaidi hutokea pale barua ya kupangiwa kituo cha serikali inapomkuta kijana ameshapata ajira ya mwezi kwa mwezi kiwandani. Barua hiyo humpa muda maalumu wa kuripoti. Upande wa pili, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 7 ikiwa bado yuko ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira. Kituo chenyewe kinaweza kuwa Kigoma au Songwe, mbali na nyumbani anakolala bure. Mwaka wa kwanza utakuwa wa majaribio. Na aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo atakatwa asilimia 15 ya mshahara popote atakapoajiriwa rasmi, kiwandani au serikalini, kwa hiyo makato hayo yasimpe sababu ya kuchagua upande. Apige hesabu ya kinachobaki baada ya kodi ya chumba, chakula na nauli ya kurudi Tanga angalau mara moja kwa mwaka, akilinganishe na kinachobaki kiwandani akiwa analala kwao. Akiamua kwenda, atoe notisi kwa maandishi siku hiyohiyo aliyopata barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na siku zikikosa kutosha amwombe mwajiri kwa maandishi amwachie mapema, kwa sababu barua ya utumishi mwema kutoka kiwanda hicho bado ataihitaji.